Kulabu inayogoma na kulabu yenye haraka

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni, upepo wa hapa Port Bell unameza sauti. Leo naongea kitu kimoja tu, kulabu, ile inayoshika boti ya kuokolea watu meli ikizama.

Mshawahi kuning'iniza mkungu wa matoke kwa kamba? Jaribu kufungua fundo wakati unaning'inia, hutaweza, uzito umelikaza mpaka mwenzako aubebe kwa chini. Basi kulabu za zamani nyingi ndo zilikuwa hivyo, zinangoja maji yabebe boti kwanza. Mwaka 1980 jukwaa la mafuta la Alexander L. Kielland lilipinduka Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei, watu 212 walikuwemo wakafa 123. Boti nne zilishushwa, moja tu ndo ikaachia waya. Yaani boti ya kukuokoa ndo imekufunga!

Wakubwa wa bahari wakaamua, kuanzia 1986 meli mpya ziwe na kulabu inayofunguka hata ikiwa na mzigo. Sawa, ila sasa zikaanza kufunguka boti ikiwa bado juu, na ni mazoezi tu, meli haina shida yoyote. Wachunguzi wa Uingereza mwaka 2001 walihesabu ajali za boti hizi walizochunguza wenyewe kwa miaka kumi, mabaharia 12 wamekufa na 87 wameumia.

Kwa nini? Angalieni hii niliyochonga kwa mbao. Mkia wa kulabu umeegemea kijiti hiki cha mviringo, kimekatwa upande mmoja, ukivuta mpini kinazunguka, mkia unapita, kulabu inaachia. Shida ni kurudisha. Ukirudisha nusu, kwa macho imefunga kabisa, kumbe mkia umeshika kwenye ukingo tu, kama mtu kakaa kwenye ncha ya benchi, na boti ina kulabu mbili, ya mbele na ya nyuma, ikiachia moja boti inasimama wima watu wanamwagika kama maharage.

Siku hizi chini ya boti kuna kifaa kinachosukumwa na maji ndo mpini ufunguke, na kulabu mbovu zilipewa mwisho Julai 2019 ziwe zimebadilishwa. Mimi lakini naipenda zaidi ile kamba fupi ya akiba inayofungwa pembeni ya kulabu, rahisi, haina ujanja, ikiachia kulabu kamba inashika. Ila mkifika majini kuna mtu lazima akumbuke kuitoa, la sivyo mmerudi kwenye matoke.

Haya, nani anakuja kuvuta mpini? Gunia lile lina mchanga, nyie wa mbele toeni miguu.