Magari yana mchepuko, mteja wangu apite wapi?

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na mimi najijua, kwa hiyo naanza na lile lile ninaloliongea kila kikao cha wenye maduka, na wale mlionisikia Mbagala mnivumilie tu.

Mwendokasi, haya mabasi yaendayo haraka, siwaelezi, mabati ya ujenzi wa barabara yake mnayaona wenyewe hapo nje toka Mwenge mpaka Tegeta. Ninachotaka mkishike ni kwamba duka halifi kwa sababu barabara imefungwa. Watu bado wanakula, bado wanajenga, bado bodaboda zinataka pedi za breki. Duka linakufa kwa zile mita tano kati ya mteja na mlango wako, pale palipochimbwa mtaro ukaachwa wazi, halafu mkandarasi kahamia mbele anachimba kwingine.

Mbagala kuna dada mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati, rangi. Kazi za mwendokasi Kilwa Road zilipoanza 2019 alifurahi kweli, akajua sasa nitauza, si wanajenga? Kumbe mkandarasi hanunui saruji kwa mangi wala kwa dada, anashusha ya kwake kwa malori. Mtaro wa maji ya mvua ukapita mlangoni kwake, kina chake mtu mzima anazama mpaka kifuani. Mteja anasimama ng'ambo, anamwona, anampungia mkono, anauliza bei kwa kupiga kelele, halafu anaondoka, maana mfuko wa saruji ni kilo hamsini, utaruka nao mtaro? Msimamizi wa pale akiulizwa anasema subirini zege likauke. Zege lenyewe halijamwagwa!

Sasa wakatokea vijana wa mtaani, wakaleta mirunda na mbao mbili, wakaweka kidaraja. Kupita mia mbili, ukiwa na mzigo mia tano. Msicheke, ndiyo hao hao, mvua ikinyesha mnawaona wanavusha watu mgongoni. Basi wateja wakaanza kulalamika, yaani nilipie kuingia dukani? Yule dada akafanya hesabu zake akakubaliana na wale vijana, anawalipa yeye kila wiki, wateja wake wapite bure. Analipa pango la fremu, analipa kodi, na analipa ushuru wa mbao mbili ili afikiwe kwenye barabara ya serikali.

Nikaja kukutana na mhandisi mmoja kwenye kikao nikamuuliza, hivi kidaraja kama kile kwenye mradi mkubwa namna hii ni shilingi ngapi? Akasema si suala la hela, haimo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba. Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu. Magari yana mchepuko kwa sababu mchepuko umeandikwa kwenye mkataba, kuna na mtu wa kushika bendera na vibao vya mishale. Mteja wa miguu hajaandikwa popote, ndo maana hana pa kupita. Yaani gari la mtu anayekwenda Bagamoyo kutembea limefikiriwa kuliko mama anayekuja kununua unga kwako.

Najua mtu atasema hawa wanapinga maendeleo. Nani kapinga? Mimi napanda mwendokasi, toka ile ya Kimara ilipoanza 2016 nimebanwa humo kama dagaa na bado napanda. Mwingine atasema si mlivamia hifadhi ya barabara. Jamani, hiyo ya X ya kubomolewa tunaijua, sheria ya 2007 imepeleka hifadhi ya barabara kuu mpaka mita thelathini kila upande, ukijenga humo baada ya hapo umevamia, unabomolewa bila senti. Mimi siongelei hao leo. Naongelea wewe ambaye fremu yako ni halali, haina X ya rangi yoyote, ukuta haujaguswa, ila hufikiki. Ardhi yako ikitwaliwa, sheria ya ardhi inatambua fidia ya usumbufu, ya usafiri, mpaka faida uliyopoteza. Ikibaki ardhi yako na mteja ndiye akaondoka, hesabu hiyo hupigiwi. Kwa hiyo mtu akikwambia subiri fidia, mwache, nenda kadai kivuko. Kivuko ni mbao na mirunda, kinapatikana wiki hii.

Na tukidai, tudai kwa pamoja na kwa maandishi, kupitia serikali ya mtaa, barua iende TANROADS na kwa mshauri elekezi anayemsimamia mkandarasi, siyo kumfokea yule kijana wa kushika koleo, yeye naye kibarua tu. Tudai vivuko, tudai wachimbe kipande wamalize ndipo waende kingine, na ratiba ibandikwe ofisi ya mtaa. Muuza sare na madaftari ukimfungia Januari umemfungia mwaka mzima. Muuza nguo ukimfungia mwisho wa Ramadhani, basi tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona. Haraka haraka basi.

Kodi ya pango: wengi mmelipa miezi sita mbele, kaongeeni na wenye nyumba sasa hivi, kabla hujawa na deni, maana mwenye nyumba naye akikutoa hapati mpangaji kwenye vumbi hili. TRA: makadirio yako ya kodi yanalipwa kwa awamu, Machi, Juni, Septemba, Desemba, mauzo yakishuka usikae kimya wala usifunge duka ukakimbia, nenda na daftari lako la mauzo uombe yaangaliwe upya, na kama huna daftari anza leo usiku. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, msiguse, hiyo hata barabara ikiwa nzuri inaua. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato yake, imerudi, lakini ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, jipangeni mapema. Delivari za boda nilitaka kuziongelea kwa kirefu, wacha, mnazifanya tayari kuliko mimi, ila gaweni boda mmoja maduka matano, siyo kila mtu na wake.

Kuna karatasi inazunguka. Andika jina la duka, unauza nini, na uko upande upi, wa kwenda mjini au wa kwenda Tegeta, maana barua ikienda bila kuonyesha kivuko kiwekwe wapi watatujibu kwa barua nyingine. Mama wa kitenge cha njano, umenyoosha mkono muda mrefu, uliza.