Kudhibiti logi za programu ya Python na maktaba zake

Karibuni, ndugu watazamaji, hapa Sinza, ambapo nimezima feni ili isiingie kwenye sauti, hivyo mtanivumilia nikijifuta jasho. Leo tunapanga viwango vya logi, yaani kumbukumbu za yale programu inayoyafanya, katika programu ndogo inayotuma oda za duka la Kariakoo kwa njia ya intaneti.

Andikeni import logging, kisha loga = logging.getLogger(__name__), yaani kifaa cha kuandikia ujumbe wa logi. Hayo mnayafahamu, tuendelee. Kila ujumbe una kiwango cha uzito, na ulio chini ya kiwango kilichowekwa haupiti: DEBUG ni 10, INFO 20, WARNING 30, ERROR 40 na CRITICAL 50. Usipogusa chochote, loga ya mzizi, yaani ile kuu iliyo juu ya nyingine zote, husimama kwenye WARNING, ndiyo maana ujumbe wako wa INFO hauonekani ingawa msimbo hauna kosa.

Mwanzoni mwa faili kuu wekeni logging.basicConfig(level=logging.DEBUG), kisha endesheni. Subirini, naona kamera haisomi maandishi haya, ngoja niyakuze. Haya. Mistari yenye jina urllib3 hatukuiandika sisi: inatoka kwenye maktaba (msimbo uliotayarishwa na wengine) ambayo requests, ile tunayotumia kutuma oda, huitegemea, nayo huonyesha njia ya ombi pamoja na vigezo vyake, kwa hiyo anayeweka neno la siri kwenye anwani anajitangazia mwenyewe. Dawa yake ni logging.getLogger("urllib3").setLevel(logging.WARNING). Endesheni tena: zimebaki oda zetu tu.

Hapa naomba mtulie. Ujumbe hukaguliwa mara mbili, kama mgeni anayemkuta mlinzi getini na mwingine mlangoni mwa ofisi: kwanza kiwango cha loga, halafu kiwango cha hendla inayoupeleka kwenye skrini au faili. Loga ikiwa DEBUG huku hendla ya faili ikiwa ERROR, faili hilo halitapata DEBUG hata mkeshe. Narudia, kagueni vyote viwili kabla ya kulaumu msimbo. Tena, basicConfig haifanyi lolote, wala hailalamiki, ikiwa loga ya mzizi tayari ina hendla. Tangu toleo la 3.8 mnaweza kuongeza force=True, ambayo huondoa kwanza hendla za zamani.

Anayeandika maktaba ya kutumiwa na wengine asiite basicConfig kabisa. Aweke NullHandler, hendla isiyoandika popote, na uamuzi wa nini kionekane amwachie mwenye programu.

Mwisho, mimi hupendelea loga.debug("Oda %s", oda), kwa kuwa maneno hayaunganishwi mpaka ujumbe uruhusiwe kupita. Msimbo kamili upo chini ya video, pamoja na ratiba ya darasa langu la Jumamosi.