Kabla ya Kuchimba Mfereji: Vibali na Makubaliano ya Mradi wa Kudhibiti Mafuriko

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie vibali vinavyohitajika ili mradi wa kudhibiti mafuriko ya maji ya mvua katika mji uweze kuanza. Niseme mapema upande nilioegemea: vibali vya serikali, pamoja na usumbufu wake wote, ndivyo sehemu nyepesi ya kazi hii, kwa sababu kila kibali kina ofisi yake, fomu yake na afisa wa kuulizwa. Miradi hukwama zaidi kwenye makubaliano yasiyo na dirisha la kuyaombea, yaani yale ya wanaotoa maji, wanaopitishiwa maji na wanaoyapokea.

Tuanze na anayepokea. Chukueni eneo la hekta 10 lililokuwa na nyasi na miti, ambalo sasa limejaa mapaa na lami. Ikinyesha mvua ya milimita 60 kwa saa, na tukichukulia kwamba ardhi ya zamani iliachia asilimia 30 tu ya maji, mtiririko ulikuwa kama mita za ujazo 0.5 kwa sekunde. Leo, eneo likiachia asilimia 70, mtiririko unakaribia 1.2. Mfereji mpana wa zege hauipunguzi tofauti hiyo, bali huifikisha bondeni upesi zaidi. Ugomvi huu si wa jana. Sheria ya Roma ya kale ilimruhusu mtu kumshtaki jirani ambaye ujenzi wake ulibadili mwendo wa maji ya mvua, na sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika kifungu cha 640, inamlazimu mwenye ardhi ya chini kupokea maji yanayoteremka yenyewe kwa asili, huku ikimkataza aliye juu kufanya lolote la kumwongezea mzigo.

Kwa hiyo makubaliano na walio chini yasiishie kwenye ahadi kwamba maji “hayatazidi”. Yataje kiwango cha juu cha mtiririko kitakachotoka kwenye mdomo wa mfereji, na kwa mvua ya ukubwa gani. Hapa pana maneno yanayopotosha sana mikutano ya wananchi: mvua ya miaka 100. Wengi huelewa kwamba ikishanyesha, tumepona kwa karne nzima, kumbe maana yake ni mvua yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na katika miaka 30 uwezekano wa kuipata angalau mara moja hufikia kama asilimia 26. Hati iseme pia maji yatapita wapi siku mfereji utakapozidiwa. Wahandisi wengine hawapendi kuliandika hilo wakidhani ni kukiri udhaifu. Mimi naona hati isiyolisema haijakamilika.

Kuhusu ardhi, kosa la kawaida ni kuomba njia yenye upana wa bomba lenyewe. Bomba la kipenyo cha mita 1 huhitaji ukanda ambao mtambo wa kuchimbia utaingia, utageuka na kuweka udongo kando, si siku ya ujenzi tu, bali hata miaka 20 baadaye litakapopasuka. Haki hiyo ya njia isajiliwe kwenye hati ya kiwanja, maana makubaliano ya mdomo humfunga aliyeyatoa, hayamfungi atakayenunua kiwanja kesho na kujenga ukuta juu ya chemba.

Mamlaka za barabara, reli, umeme na maji safi nitazipitia kwa haraka: kila mfereji unapokatiza miundombinu yao, wao huidhinisha mchoro, na ni lazima ijulikane mapema nani atalipia kuhamisha nguzo au bomba. Upande wa mazingira, masharti hutofautiana kwa nchi. Marekani, kumwaga udongo au kifusi katika maji yanayolindwa na serikali kuu huhitaji kibali cha kifungu cha 404 cha Sheria ya Maji Safi. England, bwawa linaloweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo 25,000 juu ya usawa wa asili wa ardhi huingia chini ya sheria ya usalama wa mabwawa ya mwaka 1975, hata kama kwa kawaida huwa kavu na hujaa siku za mafuriko tu.

Linalostahili muda wetu ni mpangilio wa kuomba, kwa sababu idhini hizi hutegemeana. Mamlaka ya barabara ikitaka kalavati, yaani njia ya kupitisha maji chini ya barabara, lishushwe kwa sentimita 50, mteremko wa bomba lote hubadilika, mdomo wa kutokea maji huenda ukazama chini ya usawa wa mto wakati wa masika, na ripoti ya mazingira iliyokwisha kuidhinishwa hurudi mezani. Ni heri kuwakutanisha wote mchoro ukiwa bado wa awali, kila mmoja aandike masharti yake, ndipo usanifu wa kina uanze.

Mwisho ni matunzo, na hapa ndipo hati nyingi huwa na sentensi moja tu. Itajwe ni idara gani itazibua wavu wa kuzuia taka kabla ya msimu wa mvua, kwa fungu gani la bajeti, na nani atashika ufunguo wa lango la bwawa usiku wa manane. Tope linalotolewa humo huchanganyika na mafuta ya magari, hivyo mahali pa kulimwaga huenda pakahitaji kibali chake, na hicho kiombwe sasa pamoja na vingine, wakati mhandisi mshauri na mkandarasi bado wako kazini.