Papa Huenda Wapi Baridi Ikiingia?

Nashukuru kwa swali la ndugu yetu aliyekaa pale nyuma, maana ndilo nililolitamani tangu asubuhi: baridi ikiingia kaskazini, papa huenda wapi?

Wengi hujibu upesi kwamba wanafuata maji ya vuguvugu. Kwa papa wenye ncha nyeusi mapezini, jibu hilo linatosha. Kati ya Januari na Machi hujazana kwa maelfu kusini mashariki mwa Florida, Marekani, hatua chache tu kutoka ufukweni, na maji yakipata joto hurudi kaskazini kuelekea Carolina.

Papa mweupe ndiye anayetatiza. Wale wa California huwinda sili, wanyama wa baharini wenye mafuta mengi, pwani vuli nzima, kisha baridi ikianza huipa pwani kisogo na kwenda katikati ya Pasifiki, baina ya Baja California na Hawaii. Barbara Block wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafunga vifaa vya kufuatilia safari, wakapabatiza pahali hapo Mkahawa wa Papa Weupe. Lakini picha za setilaiti zilionyesha jangwa la maji, kana kwamba hapana chakula! Nani aache sili wanono aende jangwani?

Mwaka 2018 meli ya utafiti, Falkor, ilikwenda kutazama. Huko chini gizani kumejaa ngisi na samaki wadogo wanaopanda usiku na kushuka kunapokucha. Papa nao huzama mchana hadi mita 450 hivi, usiku karibu mita 200. Tena madume wana jambo lao: huzama na kuibuka zaidi ya mara 100 kwa siku moja. Majike hawana mtindo huo, ndiyo maana mimi naungana na wanaosema kwamba huko hawafuati chakula peke yake, wanatafutana pia.

Nimtaje na yule papa mkubwa aitwaye kwa Kiingereza basking shark, anayeogelea kinywa wazi akichuja planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, mwenye urefu unaoweza kufika mita 10. Baridi ilipofika alitoweka, hata mwaka 1954 wataalamu wakatoa hoja kwamba hulala sakafuni mwa bahari. Mwaka 2009 mtafiti wa papa Gregory Skomal na wenzake walichapisha safari za papa hao kutoka New England, kaskazini mashariki mwa Marekani: baadhi walipita Karibi, wakavuka ikweta, wakafika Brazili, wakikaa wiki hata miezi kati ya mita 200 na 1,000 chini ya maji. Kumbe hakulala. Alikuwa safarini chini ya meli zetu, nasi tulikuwa tukimtafuta juu.