Uzi Unaoyeyuka: Kufunga Kizazi Baada ya Kujifungua

Wauguzi wenzangu, wekeni mkono juu ya tumbo la mama aliyejifungua jana. Mji wa mimba mtaukuta karibu na kitovu. Mirija ya uzazi ambayo siku nyingine hujificha ndani ya nyonga sasa iko juu, chini kidogo tu ya ukuta wa tumbo. Ndiyo maana daktari huchoma ganzi, akapasua sentimita mbili au tatu chini ya kitovu, na kazi ikawezekana. Siku saba zikipita, mji wa mimba umeshashuka. Mama asubiri wiki sita zitimie.

Kabla ya kufunga chochote, mrija ufuatwe hadi vionekane vile vidole laini vya ncha yake. Narudia hili kwa sababu jirani yake kuna kano inayofanana nao. Ikifungwa hiyo kano kwa makosa, mama atarudi na mimba.

Njia inayotumika sana ni ya Ralph Pomeroy wa Brooklyn, iliyoandikwa na wenzake mwaka 1930, yeye ameshafariki. Mrija huinuliwa kama kitanzi, shina la kitanzi likafungwa, sehemu ya juu ikakatwa. Uhodari wote uko kwenye uzi: lazima uwe unaoyeyuka upesi. Uzi ukishaisha, ncha mbili huachana, kila moja ikapona na kujiziba kivyake. Madlener wa Ujerumani aliponda mrija na kuufunga kwa uzi usioyeyuka bila kukata, na mimba zikapatikana mara nyingi zaidi. Njia ya Parkland hufunga pawili na kuondoa kipande cha katikati.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1996 ulikuta kwamba, kwa waliokatwa mirija baada ya kujifungua, wanawake 7 hadi 8 kati ya 1,000 walipata mimba ndani ya miaka kumi. Mama aambiwe hivyo. Aambiwe pia kwamba wanaofunga wakiwa na miaka 30 au chini ndio wanaojuta zaidi.

Aambiwe lini? Kliniki, wakati wa ujauzito. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilisema wazi mwaka 2011 kwamba ridhaa hii haiombwi mama akiwa kwenye uchungu.

Mimi niliwahi kuiomba. Mama alikuwa amebana meno, nikamshika mkono, akatia dole gumba. Wiki sita baadaye alileta mtoto kliniki, akaniuliza kwa upole: “Sista, ile karatasi ilikuwa ya nini?”