Kihamba hakihamishiki: mhadhara kwa wenye viwanja vya tambarare

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za asubuhi. Nimeombwa nieleze misingi ya pamakalcha (permaculture) kwa saa moja, na nawaambia mapema kwamba sehemu kubwa ya saa hiyo itakwenda kwenye maji.

Historia yake si ndefu. Katikati ya miaka ya 1970, huko Tasmania nchini Australia, Bill Mollison na kijana mmoja aitwaye David Holmgren walikuwa wanatafuta namna ya kupanga makazi na shamba vifuate mwenendo wa msitu. Msitu haumwagiliwi wala hautiwi mbolea ya dukani, na bado unazaa kila mwaka. Kitabu chao cha kwanza kilitoka 1978. Waliweka na maadili matatu: itunze ardhi, watunze watu, kinachozidi kigawe. Mtu aliyelelewa Kibosho au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akisikia hayo atauliza kipya ni kipi, na ana haki ya kuuliza.

Maana kihamba, lile shamba la Wachaga linalozunguka nyumba, mnakijua. Juu mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga, huku viazi vikuu vikipanda miti. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Wageni wanakuja kupiga picha hizo ghorofa za majani, na ni kweli zinapendeza. Mimi naomba mtazame vinavyozunguka. Ng'ombe yuko zizini, anakatiwa majani na vigogo vya migomba. Samadi yake inarudi mgombani. Mgomba unaipa kahawa kivuli, majani yake makavu yanakuwa matandazo, ndizi inaliwa na nyingine inakwenda kwenye mbege, pombe yetu. Matawi ya kupunguzia ni kuni. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi, yanaingia kwa zamu, na zamu hiyo ina wasimamizi. Hakuna kitu pale chenye kazi moja tu, na hakuna hitaji linalotegemea mlango mmoja. Ukilishika hilo, msingi wa pamakalcha umeupata, hata kama hujui jina la mti hata mmoja.

Sasa shida yetu. Wengi wenu mmenunua viwanja huku chini, Mabogini, Kahe, Boma Ng'ombe. Na kitu cha kwanza mnachofanya ni kupakia machipukizi ya migomba na miche ya kahawa kwenye pikapu. Jamani! Miteremko ya kusini ya mlima inapata milimita 1,000 hadi 2,000 za mvua kwa mwaka. Huku chini, mtu mwenye tahadhari apange kwa 500. Mnachotakiwa kuteremsha ni ule mzunguko, kisha mtafute mimea na wanyama wa huku wa kuuendesha.

Tuanze na bati. Paa la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 500, linapokea lita 30,000. Toa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kurukia nje na kukauka, zinabaki 24,000. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku, hizo ni siku 240. Nawaona mnaangaliana. Ndiyo, maji hayo kila mwaka yanaanguka kwenye bati lako, yanachimba msingi wa nyumba, halafu yanakwenda barabarani. Tangi la kuyahifadhi yote ni ghali, sikatai. Lakini mvua zetu ni mbili, masika na vuli, kwa hiyo huhitaji kuyaweka yote kwa mkupuo mmoja.

Yanayoanguka ardhini tunayazuia kwa mitaro inayofuata kontua, yaani mstari wa ardhi iliyo kimo kimoja. Hapo unahitaji fremu A: miti miwili ya mita mbili iliyofungwa juu, wa tatu umekatiza katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia. Usiiamini kabla ya kuipima. Isimamishe, weka alama uzi unapokaa; geuza miguu, wa kushoto ukanyage pale ulipokuwa wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo pa usawa. Ukichimba mtaro na udongo ukautupa upande wa chini, hiyo ni fanya chini. Ukiutupa juu ni fanya juu, ambayo Machakos, Kenya, wameitumia miaka mingi kutengeneza matuta. Vitabu vya pamakalcha vinaisifu ile ya kwanza kana kwamba imevumbuliwa juzi. Kwenye tuta panda mbaazi, mlonge, mlusina, mabingobingo ya ng'ombe; chini yake embe na papai. Migomba, kama huwezi kabisa kuiacha, iwe michache kwenye shimo linalopokea maji ya kuogea na kuoshea vyombo.

Nasisitiza jambo moja: kila mtaro uwe na mahali pa kumwagia. Masika yakiujaza na hauna njia, tuta linapasuka na maji yanashuka yote kwa pamoja kwa jirani. Usichimbe karibu na choo, wala upande wa juu karibu na nyumba, wala kwenye mteremko mkali.

Baada ya maji, angalieni nyayo zenu, mnapita wapi kila siku. Mchicha ulio nyuma ya mahindi hauuawi na jua, unauawa na kusahauliwa. Kinachoguswa kila siku kikae kwenye njia ya kwenda jikoni, kuku wafuate, mahindi yakae mbali. Wachaga mnalijua hili, kihamba kilikuwa mlangoni na shamba la mahindi huku tambarare.

Kuhusu jua, vitabu vingi viliandikwa na watu wa nchi za baridi, wao wanalitafuta. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta; Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na jioni zote linachoma kutoka magharibi. Mwarobaini au mkwaju magharibi mwa nyumba utakufaa kuliko mchoro wowote wa Tasmania.

Mzee wangu pale ameuliza kama inalipa. Mwaka wa kwanza, hapana. Usiache kazi wala duka. Walimu wenzangu wa pamakalcha wanapenda kukisifia kihamba wakanyamaza hapo, ila ninyi mnaona yaliyokipata: kimegawanywa kwa urithi hadi kimekuwa kipande cha bustani, bei ya kahawa ilipoanguka watu wakaing'oa, na mifongo mingi imeachwa kwa sababu vijana wa kuisafisha wako mjini. Mpango mzuri wa miti haukuweza kuzuia soko. Kwa hiyo msipande kwa kutegemea zao moja la kuuza, hata liwe parachichi.

Na dada aliyeuliza kuhusu nyoka kwenye matandazo: acha mita moja tupu kuzunguka ukuta, usirundike kuni dirishani, na usiku tembea na tochi.

Fremu ziko nje, nyuma ya jiko. Wawili wawili, mmoja ashike fremu na mwenzake apigilie vigingi. Anzeni na mstari wa juu kabisa wa kiwanja.