Vile ya kucheza ubeti na kuushuti kwa simu tu, hapa Amu

Asalaam aleikum jamaa, karibuni. Hii video ni ya nyinyi mlio koleji, hasa mliopewa project ya kusoma ubeti na kuuchezea ngoma kwa video na mpaka sa hii hamjui muanzie wapi. Nitawaonyesha vile sisi tunafanya hapa Lamu, wenyewe twaiita Amu, pole pole, simu moja yatosha. Lakini kitu kimoja nakuomba ukishike kuanzia sasa: usianze na ngoma. Soma kwanza, soma mpaka ulimi uzoee, mwili utafuata, maana ukitunga step afu ndo utafute maneno ya kubandika juu utapata watu wanacheza na mtu mwengine anaongea huko nyuma, hawajuani.

Haya, la kwanza ni kuchagua maneno. Utenzi ndo mzuri zaidi kwa kazi hii kwa sababu umeshapimwa tayari, ubeti mmoja una vipande vinne na kila kipande mizani minane, yaani silabi nane. Ukitaka wa zamani kuna ule wa Mwana Kupona wa Pate, mama aliyemwandikia bintiye mwaka wa 1858, lakini ni beti mia na kidogo, usijaribu kuubeba wote, chukua beti nne tu. Nne ni mizani 128 na ukisoma kwa utulivu hiyo ni video tosha.

Sisi tulitumia ubeti ambao bibi yangu huusema akiwa amekaa barazani, uone hapa kwenye skrini:

Ndoo mwana tuandike,
neno la moyo tushike,
tukae sote tuteke
yua litapo kutua.

Sa tulia hapa, maana hapa ndo kazi yote ilipo. Mwenzetu mmoja wa bara, mchezaji mzuri sana, aliusoma akaona ndoo, akaona tuteke, akatunga step ya kisima: anainama, anavuta kamba mkono kwa mkono, anamimina maji. Step ilikuwa nzuri wallahi, mpaka sote tukapiga makofi. Siku ya pili tukamuonyesha bibi, akatazama mpaka mwisho akauliza, "Mwanangu, maji ya nini?" Kumbe kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha hapa Lamu, ndoo ni njoo, na kuteka ni kucheka, na yua ni jua. Ubeti wasema njoo mwanangu tuandike, tukae sote tucheke jua likitua. Hamna kisima, ni mama anamwita mtoto.

Basi tukafuta yote tukaanza upya, na step ikawa ndogo kabisa: kiganja kinaita kimegeuzwa chini vile wazee wanavyoita, halafu anakaa chini pole pole, halafu mabega yanatingishika kidogo vile mtu anacheka bila sauti. Hiyo ya mabega ndo kila mtu anaikumbuka. Kwa hivo hatua ya pili, kabla hujasimama kucheza, peleka maneno kwa mtu mzima anayeyajua, umsomee, akusahihishe, na umuulize kila neno hata lile unadhani unalijua. Hasa hilo unalodhani unalijua.

Tatu, hesabu kwa mkono. Piga goti lako mara nane kwa kila kipande, tu-ka-e so-te tu-te-ke, wachezaji wote wafanye hivo wakiwa wamekaa, wasisimame mpaka wote wanapiga pamoja. Angalia tena mwisho wa kila ubeti, vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, yaani vinaishia kwa sauti moja, lakini cha nne ndo kina cha bahari, kinarudi kilekile toka mwanzo wa utenzi mpaka mwisho. Itumie hiyo. Sisi kila tukifika cha nne tunarudi palepale tulipoanzia, miguu pamoja, uso kwa baharini, na mtazamaji hata kama hajui mambo ya kina atahisi tumefika nyumbani.

Ukitaka kuazima mwendo wa ngoma zetu, goma lafaa sana na kusoma, wanaume wamesimama safu na kanzu zao, bakora mkononi, wanakwenda taratibu, hamna pupa. Kirumbizi kile cha kupigana fimbo ni kizuri lakini kina kasi, maneno yatazama. Chakacha na lelemama ni za kina mama, dada zangu mkitumia ombeni ruhusa kwanza, na kama mtu hataki uso wake uonekane shuti mikono tu au miguu na ukingo wa leso, inapendeza vilevile. Maulidi usiyachanganye hapa, hiyo ni ibada.

Nne, rekodi sauti kando kabla ya picha. Sisi kosa letu la kwanza tulienda Shela mwezi wa saba, kusi inavuma, tukarudi na upepo mtupu, maneno hayasikiki hata moja. Ingia chumba cha ndani cha nyumba ya kale, zile kuta nene za mawe zinazuia kelele za nje, zima feni, tundika leso mbili tatu ukutani sauti isirudi, simu iwe shubiri moja na nusu kutoka mdomoni na uiweke kando kidogo pumzi isiipige. Ukisikia punda analia huko nje subiri amalize, anza kipande upya.

Tano ni kushuti, hapa nitapita haraka. Toka baada ya alasiri, saa kumi na nusu hivi, mchana jua ni kali uso unakuwa na vivuli. Ukuta mweupe wa chokaa unaidanganya simu, watu wanatoka weusi, kwa hivo gusa uso wa mchezaji kwenye skrini ushikilie mpaka mwanga ujifunge. Simu ilale, uiweke flaiti modi isije ikapigwa katikati. Kwenye kichochoro wacheni njia ya mikokoteni na punda. Cheza ile sauti kwa spika ndogo wachezaji waifuate, na kabla ya kuanza mmoja apige kofi moja mbele ya kamera, hilo kofi ndo litakusaidia kulinganisha baadaye.

Kuediti mimi natumia app ya CapCut. Linganisha kofi, zima sauti ya kamera, weka ile ya chumbani. Usikate picha katikati ya kipande, kata kipande kikiisha. Maneno ya chini yaandike vilevile yanavyotamkwa, ndoo ibaki ndoo, usiigeuze njoo, maana yake iandike mstari wa pili kwa herufi ndogo.

Afu kabla hujaipandisha popote rudi kwa yule aliyekupa maneno, mpe simu ashike mwenyewe, wewe kaa kimya. Bibi yangu safari hii alifika kipande cha tatu akaanza kuusema pamoja na simu, mabega yakitingishika. Tukaipandisha jioni hiyohiyo.